Nimeanza kukimbia nikiwa na miaka 41, na kilichonichosha kwanza ni aibu, si miguu

BabaNeema (Donholm)
Jumatatu, saa 3:40 usiku

Wadau, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite.

Muhula uliopita nilikwenda siku ya michezo shuleni kwa binti yangu. Nimeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, soda mkononi, mara mwalimu akashika kipaza sauti akaita mbio za akina baba. Mita 100. Neema akaniangalia tu, hakusema neno. Nikaweka soda chini.

Mpaka mita ya 40 nilikuwa wa tatu, na mashahidi ninao. Halafu kifua kikafunga duka. Nikafika wa nane kati ya tisa, na huyo wa tisa kiatu kilikuwa kimemtoka. Nimeinama, mikono magotini, masikio yanavuma kama redio iliyopoteza stesheni, nikasikia mzazi mmoja nyuma yangu: "Na huyu naye ni Mkenya?"

Neno lile nilirudi nalo nyumbani. Mtu wa Nairobi akitaka kuanza kukimbia ana mzigo ambao mtu wa Lisbon au Manila hana. Yule akikimbia vibaya, amekimbia vibaya kivyake. Sisi tukikimbia vibaya ni kama tumechafua jina la ukoo. Eliud Kipchoge, bingwa wetu wa marathoni, kule Vienna, Oktoba 2019, alimaliza kilomita 42 na ushee kwa saa 1:59:40. (Najua haikuandikwa rekodi rasmi kwa sababu ya wale waliomkinga upepo kwa zamu, msinirukie.) Nikapiga hesabu kwenye simu: hiyo ni mita 100 kwa sekunde 17, na unarudia hivyo mara 422 bila kupumzika. Mimi mita 100 yangu moja ilinichukua sekunde 21 na nikaomba maji.

Jumatatu iliyofuata nikatoka saa 11:30 alfajiri. Kaptula ya kulalia, fulana ya kampeni ya mgombea aliyeshindwa, raba za kuendea sokoni. Nikashika njia ya wapita kwa miguu ya Outering kuelekea Mutindwa. Stejini matatu zilikuwa zimeshaanza kupakia. Makanga mmoja akaniona kwa mbali: "Kipchoge! Hamsini tu mpaka tao, wacha kujitesa!" Steji nzima ikacheka. Sasa niambieni, mtu akiitwa Kipchoge mbele ya watu afanye nini? Nikafungua gia. Nikapita pale kama ninafukuzwa na askari wa kanjo. Nilipofika nyuma ya vibanda, mahali hakuna mtu, nikashika ukuta, kichomi kimenikunja ubavu kama kiti cha kukodi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa programu yangu kwa wiki mbili: mbio mbele ya watu, kufa faraghani. Mwisho wa wiki ya pili ugoko wa kulia ukaanza kuuma, nikawa nashuka ngazi za ofisini upandeupande kama kaa. Nikaacha siku 10.

Aliyenitoa hapo ni askari wa lango la kwetu. Mzee huyu hakuachi upite kwa "habari" moja. Atauliza umeamkaje, watoto wameamkaje, na ile stima ya jana ilirudi saa ngapi. Siku niliyorudi niliona nizunguke humu ndani ya korti tu, yaani ua wa nyumba zetu, nikawa nampita kila mzunguko. Mara ya kwanza akanisalimu, nikajibu "Mz…" Pumzi ya kumalizia "uri" haikuwepo. Akaniambia, "Hapana, Baba Neema, huko si kukimbia, huko ni kutoroka. Punguza mpaka uweze kunijibu."

Nikapunguza mpaka nikaona haya. Mtoto wa shule mwenye begi mgongoni alinipita akitembea. Lakini mzunguko wa nne nilimweleza mzee habari ya stima tangu ilipopotea mpaka iliporudi, na sikusimama.

Sasa nimerudi mwanzo: nakimbia dakika 1, natembea dakika 2, mara 8. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Naomba msaada kwa mambo matatu: viatu, mahali pa kukimbilia, na huu ugoko. Na mtu asiniambie nijisajili marathoni.

DereWaKayole
Jumatatu, saa 4:02 usiku

Huyo makanga namjua. Hata mimi huniita Kipchoge nikivuka barabara kununua mayai. Usimtilie maanani, mkubwa.

NesiZamuYaUsiku
Jumatatu, saa 5:55 usiku

Kabla ya viatu, kapime presha. Miaka 41, kazi ya kukaa, na mwili umeshakukatalia hadharani. Kama una presha, kisukari, au kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, muone daktari, na umwambie waziwazi kwamba unataka kuanza kukimbia.

Kuhema ni kawaida. Kifua kubana kama mtu amekikalia, maumivu yanayopanda tayani au kushuka mkononi, kizunguzungu, macho kuingia giza: hapo unasimama na unakwenda hospitali, hungoji asubuhi. Nasema hivi kwa sababu nimechoka kupokea wanaume wanaoniambia ni gesi tumboni.

MamaPacha (Umoja)
Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Baba Neema, hongera, ila saa 11:30 alfajiri ni anasa ya mwanamume. Jua letu hapa halihami sana, mwaka mzima linachomoza kati ya saa 12:10 na saa 12:45. Kwa hiyo mwanamke wa Umoja ana kama dakika 20 za mwanga kabla watoto hawajataka uji. Mimi niliibiwa simu mwezi wa kwanza wa kukimbia, mchana kweupe, na boda aliyepanda juu ya njia ya miguu. Hakusimama hata. Alipunguza tu, akavuna.

Tangu hapo tuko watatu, majirani. Tunazunguka mitaa miwili inayojulikana, pale mama mboga anatujua na muuza maziwa anatujua. Hakuna vya kusikilizia masikioni. Simu inabaki na mmoja wetu, ndani ya mkoba wa kiunoni chini ya fulana. Watatu hatuitwi Kipchoge, tunaitwa chama. "Leo chama mnaenda wapi?" Basi, tumezoea.

Kitu kingine ambacho hakuna mwanamume atakiandika hapa: nunua sidiria ya michezo kabla ya raba. Ya kukaza kweli. Nilikimbia wiki tatu nikidhani ni mgongo unaoniuma.

KameraYaGikomba
Jumanne, saa 4:15 asubuhi

Viatu niachieni mimi, huu mwaka wa 9 nauza raba za mtumba.

Mtu akija kwangu anaangalia juu: rangi, nembo, kama kitambaa ni kisafi. Kiatu cha kukimbilia hakichakai juu, kinachakaa katikati, kwenye ile sponji kati ya soli na mguu. Kiweke mezani ukiangalie kwa ubavu. Ukiona sponji ina mikunjo midogo midogo kama kona ya jicho la mzee, imekwisha kubanwa hata kama kiatu kinang'aa. Bonyeza kwa kidole gumba kutoka ndani, upande wa kisigino. Ikikubali kisha ikarudi, sawa. Ikiwa ngumu kama ubao wa darasani, rudisha. Halafu geuza uangalie kisigino nyuma. Kama upande mmoja umelika kuliko mwingine, mwenyewe wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na sasa anataka kukurithisha.

Saizi: usinunue inayobana eti itapanuka. Mguu huvimba ukikimbia. Simama nacho wima, kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba. Kucha nyingi nyeusi ninazoziona zimetokana na watu kutaka 42 wakati mguu ni 43. Njoo jioni, mguu ukiwa umeshashinda kazini, usije asubuhi.

Bei sitasema hapa, wenzangu watanipiga. Lakini kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, unaipata mapema marobota yakifunguliwa, ukija saa saba mchana unachagua masalia. Na wale wanaotafuta vile viatu vyenye bamba la kaboni ndani ya soli kwa sababu wameona mabingwa wamevaa: mabingwa wanavivaa kwa mashindano, mazoezi ya kila siku wana vingine. Wewe unakimbia dakika moja unatembea mbili, kaboni ya nini?

BabaNeema (Donholm)
Jumanne, saa 4:31 asubuhi

Kamera, nimetoka kuangalia zangu kwa ubavu. Ni kona ya jicho la mzee sana. Jumamosi jioni nakuja.

MwanaKisauni
Jumanne, saa 7:20 mchana

Nami niseme langu. Mie ni mtu wa Mombasa, kazi ndiyo iliyonileta huku Pipeline mwaka jana. Nyumbani nilikuwa nakimbia ufukweni jioni maji yakishatoka, nusu saa bila tabu. Nafika Nairobi, dakika 6 roho yataka kutoka. Nikadhani nimerogwa, wallahi.

Kumbe ni huu mwinuko wenu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na kila pumzi yaleta oksijeni pungufu, karibu sehemu moja ya tano chini ya ile ya pwani. Yalinichukua wiki tatu hivi kuzoea, na mwendo wangu wa Kisauni haujarudi wote mpaka leo. Kwa hivyo Baba Neema usijilaumu kila kitu, mengine ni mlima tu mmejenga mji juu yake.

Ila nikienda nyumbani siku za Idi nakimbia kama nimewekewa upepo nyuma. Joto ndilo lanirudisha adabu.

Na huu udongo mweusi wa Embakasi mvua ikinyesha, hebu mtu aniambie dawa yake. Hatua kumi tu na kila kiatu kina uzito wa tofali.

KochaBilaFilimbi
Jumanne, saa 2:45 usiku

Mwana Kisauni, dawa ya udongo mweusi ni lami, hakuna nyingine.

Baba Neema, nilikimbilia timu ya chuo zamani na nikawahi kukaa Iten, ule mji wa wakimbiaji kule Bonde la Ufa, miezi minne nikijaribu bahati. Bahati haikuwepo, lakini nilijifunza kitu ambacho askari wako anakijua bila kufika huko. Iten iko kama mita 2,400. Asubuhi ya mbio nyepesi utawaona vijana, baadhi yao wameshinda mbio Ulaya, wakitoka kwenye ile barabara ya udongo mwekundu polepole kabisa, wanapiga soga, utadhani wanasindikiza mgeni stejini. Mimi niliyetoka Nairobi nilikuwa nawapita kilomita ya kwanza. Kilomita ya nane sikuwaona tena, walikuwa wameshapotea mbele kwenye kona. Siku za kasi wanazo, Jumanne uwanjani na Alhamisi fatleki (mbio za kubadilisha kasi), na siku hizo usithubutu kuwafuata. Lakini siku nyingine mtu anayekimbia kwa pupa wanamwona mshamba.

Hiyo aibu unayosema wewe iko mjini. Kule mkimbiaji wa kweli haoni haya kukimbia polepole.

Ugoko: uliupata kwa sababu moyo na mapafu hujifunza haraka, ndani ya wiki chache unajisikia nafuu, lakini mifupa na mishipa ya kano huchukua miezi. Unasikia pumzi imefunguka, unaongeza, na ugoko bado uko wiki ya kwanza. Tembea tu mpaka uweze kutembea kasi bila maumivu. Ukirudi, hatua ziwe fupi na nyingi, mguu utue chini yako, usiutupe mbele kama unaruka mtaro. Ukipata mahali pa udongo, acha zege. Ila tofautisha: maumivu yaliyosambaa kwenye mfupa wote kwa mbele, hayo ni ya kupumzisha. Maumivu ya mahali pamoja unapoweza kufunika kwa ncha ya kidole, na yanayokuamsha usiku, hayo ukapigwe picha, huenda mfupa umepata ufa.

Programu yako ya moja kwa mbili ni nzuri. Kuna ile ya wiki 9 ya kumtoa mtu kwenye kochi mpaka kilomita 5, Mmarekani Josh Clark aliibuni mwaka 1996: wiki ya kwanza unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, kwa dakika 20, siku tatu kwa wiki. Si lazima uimalize kwa wiki 9. Wiki ikikushinda irudie, hakuna mtihani.

ChumaHakilali
Jumanne, saa 3:30 usiku

Mnambembeleza sana. Mwili ni wa kulazimishwa. Mimi navaa jaketi mbili na nailoni nimeizungusha tumboni, nakimbia Thika Road mpaka jasho lichuruzike kwenye soksi. Siku moja napunguza kilo 2. Hii ya kutembeatembea ni ya watalii.

NesiZamuYaUsiku
Jumanne, saa 3:41 usiku

Chuma, hizo kilo 2 ni maji. Ukinywa chai na supu zinarudi kabla hujalala. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na bado mmeificha tumboni. Mwili unatoa jasho ili upoe, wewe unauzibia. Siku utakapoanguka hapo Roysambu kwa joto ndipo utajua kwamba mafuta ya tumbo hayatoki kwa jasho.

ChumaHakilali
Jumanne, saa 3:50 usiku

Sijaanguka mwaka wa nne huu.

KochaBilaFilimbi
Jumanne, saa 3:58 usiku

Na bado tumbo lipo? Nauliza tu.

DereWaKayole
Jumanne, saa 4:00 usiku

😂😂 Kocha ana filimbi kumbe.

ChumaHakilali
Jumanne, saa 4:20 usiku

Lipo. Lakini linakimbia.

BabaNeema (Donholm)
Wiki ya nne, Jumapili, saa 10:15 jioni

Narudi na habari.

Presha nilipima. Ilikuwa juu kidogo. Daktari akasema nipunguze chumvi, niendelee na mwendo huuhuu, nirudi baada ya miezi mitatu. Nesi, ahsante, nisingekwenda.

Raba nilipata kwa Kamera, 43 badala ya 42 niliyovaa maisha yangu yote. Kwa hiyo nimetembea miaka 20 na vidole vimekunjwa. Ugoko umetulia. Nakimbia dakika 3, natembea 1 na nusu, na mzee wa langoni ananiuliza mpaka habari za shangazi.

Tatizo jipya ni la tumbo. Jumatano usiku kwetu ni githeri, mahindi na maharagwe. Alhamisi alfajiri nimefika nusu ya mzunguko wa tatu, maharagwe yakaamka. Sitaeleza zaidi. Siku hizi usiku wa kuamkia mbio nakula ugali au wali kwa mboga, na asubuhi kikombe cha chai na kipande cha mkate tu, au situmii kitu kabisa, kwa kuwa nusu saa haimalizi akiba ya mtu.

Na ile steji ya makanga. Nilirudi Outering Ijumaa. Akaniona. "Kipchoge!" Nikaendelea na mwendo wangu uleule wa kusindikiza mgeni. "Kipchoge, leo umechoka?" Nikamjibu, sentensi nzima: "Sijachoka, ndugu yangu, nina kilomita mbili zaidi, wewe pakia." Alinyamaza kidogo. Akageukia abiria mwingine. Ninyi hamwezi kujua nilivyofurahia lile jibu, si kwa ukali wake, ni kwa urefu wake.

Sasa nataka kutoka lami Jumapili. Msitu wa Karura wanaingiaje?

MamaPacha (Umoja)
Jumapili, saa 11:05 jioni

Karura tunakwenda mara moja kwa mwezi, chama chote. Lango la Kiambu Road ndilo rahisi kwetu: matatu mpaka mjini, nyingine ya Kiambu Road, unashuka penye makao makuu ya upelelezi, lango liko ng'ambo. Kuna ada na hawapokei pesa taslimu, kwa hiyo simu iwe na salio kabla hujapanga foleni. Beba kitambulisho.

Ndani njia ni za udongo na kivuli juu, na kwenye makutano kuna vibao vyenye namba. Piga picha ya ramani pale langoni. Mara ya kwanza tulijiona wajuaji, tukapita namba moja mara tatu, dakika 30 za kukimbia zikawa saa moja na nusu ya kutafutana na maporomoko ya maji. Mvua ikinyesha mteremko wa mtoni unateleza, tembea. Na ndizi usile mbele ya tumbili. Pacha wangu mmoja alinyang'anywa na bado analia akiona ndizi.

Nikiwa pale huwa namkumbuka Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, alivyopigwa Januari 1999 yeye na wenzake walipokwenda kupanda mti kwenye ardhi ya msitu huu iliyokuwa imegawiwa wakubwa. Kama wangeshindwa, leo tungekuwa tunazunguka ukuta wa mtu.

MwanaKisauni
Jumapili, saa 12:40 jioni

Nauli kwenda na kurudi, ada, na maji. Mtu wa Pipeline akikimbia Karura kila wiki atakimbia na njaa. Mie nimepata kiwanja cha shule jirani, askari wao anatufungulia Jumamosi mpaka saa tatu. Mizunguko 14 nakwisha. Si msitu, lakini hakuna boda wala moshi. Ulizeni shule na makanisa ya karibu, wengi hawakatai mkiomba kwa adabu na mkiondoka na takataka zenu.

KochaBilaFilimbi
Jumapili, saa 1:15 usiku

Naunga mkono. Arboretum pia ni udongo na karibu na mji, ila ni ndogo, utazunguka sana. Jogoo Road saa ya msongamano msikimbie kamwe, mnameza moshi wa lori kwa kinywa kilichofunguka.

BabaNeema (Donholm)
Wiki ya kumi na moja, Jumamosi, saa 5:30 asubuhi

Kilomita 5. Bila kutembea. Dakika 43.

Najua kwenu wengine dakika 43 mnafika 8 au 9. Simu yangu inasema ni dakika 8 na sekunde 36 kwa kila kilomita. Kipchoge angekuwa amefika kilomita ya 15, ameoga. Lakini nimekuwa nikisoma kuhusu marathoni ya Londoni ya Aprili 2014. Wilson Kipsang alishinda kwa saa 2:04:29. Siku hiyohiyo, barabara hiyohiyo, Margaret Kenyatta, wakati huo mke wa Rais, alikuwa nyuma kabisa, na akamaliza baada ya takriban saa saba. Mimi wakati ule nilimcheka na wenzangu kantini. Sasa nafikiria saa saba juu ya miguu, kamera zote zinakutazama, na hukimbilii nyuma ya vibanda. Sicheki tena.

Kwa hiyo ile sentensi ya kwamba mtu asiniambie nijisajili marathoni, nairekebisha kidogo. Mbio za Nairobi za Oktoba, zile zilizoanza 2003, zina kilomita 10 pia. Sijalipa. Nimeangalia tu.

Na Neema kaanza kunifuata siku za Jumapili. Ana miaka 9, hana habari ya pumzi wala mwendo. Anakimbia mbele, anarudi, anaokota jiwe, anauliza kwa nini ndege hawachoki, kwa nini mzee wa langoni hana meno mawili, kwa nini mbio zile za shule nilianza vizuri halafu nikaharibika. Hilo la mwisho nilimjibu kuanzia lango la kwetu mpaka duka la Wamboi, na bado nilikuwa nakimbia.

DereWaKayole
Jumamosi, saa 5:44 asubuhi

Mkubwa, mimi pia nimenunua raba. Kesho Jumapili mnatoka saa ngapi? Nina uzito wa kilo 104, nawaambia mapema.

BabaNeema (Donholm)
Jumamosi, saa 5:50 asubuhi

Saa 12:45, mwanga ukishatoka. Daraja la Donholm, upande wa steji. Dakika moja mbio, mbili kutembea, tunaanza upya na wewe.

KameraYaGikomba
Jumamosi, saa 6:10 mchana

Dere, kiangalie kwa ubavu kwanza.